Maji ya moto yanakuja na kupotea: je, ninunue boila mpya?

SWALI

Mzee wetu, shikamoo.

Nyumbani tuna boila ya kombi, ile ya gesi isiyo na tangi, inayopasha maji ya koki na kupasha pia radieta za ukutani, zile zinazotia joto vyumbani. Imetuhudumia miaka kadhaa bila usumbufu. Sasa imefika mahali maji ya moto hayatabiriki. Unaoga, yanakuja ya moto, ghafla yanapoa, unasogea pembeni na sabuni yako mwilini, kisha yanarudi makali kuliko mwanzo. Jikoni nako ni bahati nasibu. Asubuhi naweza kuosha vyombo kwa maji yanayofuka mvuke, jioni nafungua koki ileile napata vuguvugu tu. Wakati mwingine boila haiwaki kabisa mpaka nifunge koki na kuifungua tena. Cha ajabu, radieta zinapata moto vizuri nyumba nzima.

Fundi amekuja zaidi ya mara moja. Kwanza alibadilisha kitambuzi cha joto, tukalipa, hali ikabaki vilevile. Aliporudi akasema kibadilisha joto cha ndani kimeziba kwa chokaa, kinatakiwa kipya, na kwamba nisishangae hata hicho kisiposaidia kwa sababu boila imeshazeeka. Jirani naye anasema presha ni ndogo, niongeze. Geji inasoma 1.3. Mimi mwenyewe nilipandisha joto la maji hadi 60 nikidhani litafidia kule kupoa, lakini naona shawa ndiyo imezidi kuharibika.

Tunaishi na mama mkwe ambaye umri umekwenda, na kila akioga nasimama mlangoni nikiwa na wasiwasi. Mume wangu anataka tununue boila mpya yaishe. Mimi roho inasita. Naogopa tutatoa fedha nyingi halafu tubaki na tatizo lilelile, na naogopa pia kwamba pengine fundi anatuzungusha.

Nilitaka kusahau: sisi si watu wa kumwaga maji ovyo. Tulipokarabati bafu tulifungiwa shawa ya mkono yenye kitufe pale kwenye kichwa chake. Ukitaka kujipaka sabuni unabonyeza, maji yanasimama. Ukibonyeza tena yanaendelea, bila kuhangaika na koki upya. Kwa hiyo sidhani kama tunaizidi boila uwezo.

Nishauri, mzee wangu. Tununue?

Mkwe mwenye wasiwasi


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Msinunue. Wala msikubali bado kubadilishiwa kibadilisha joto. Katika barua yako kuna jambo ulilokaribia kulisahau, nami naamini ndilo lenye ugonjwa: hiyo shawa yenye kitufe. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakupa jaribio ambalo wewe mwenyewe utalifanya bila kushika spana. Jaribio likinikatalia, kuna njia nyingine za kufuata, na hizo pia nitakuandikia.

Boila ya kombi haihifadhi maji ya moto. Inakaa kimya mpaka mtu afungue koki. Maji baridi yanapoanza kupita ndani yake, yanazungusha kigurudumu kidogo, na kikizunguka kwa kasi ya kutosha boila inajua kwamba kuna anayehitaji maji. Boila nyingi zinataka lita kama 2 hadi 3 kwa dakika ndipo ziwake. Chini ya hapo, kwao ni sawa na koki iliyofungwa. Ikishatambua, feni inaanza, gesi inafunguliwa, cheche inapiga, na valvu ya njia tatu inayageuza maji ya mzunguko wa radieta: badala ya kwenda ukutani yanapitishwa kwenye kibadilisha joto. Hicho ni bati nyembamba nyingi zilizobanwa pamoja, maji ya radieta yanapita kati ya hizi na maji ya koki kati ya zile. Hayagusani. Yanapeana joto tu.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umesema radieta zinapata moto nyumba nzima. Hilo peke yake linaviondolea lawama vitu vingi: gesi inafika, moto unawaka na kubaki, feni ni nzima, pampu inasukuma, presha inatosha. Kilichobaki kushukiwa ni upande wa maji ya koki. Na hata upande huo, asubuhi unakupa maji yanayofuka mvuke. Ukoko wa chokaa haufanyi hivyo. Ukoko hujijenga taratibu, na hali huwa mbaya taratibu, siku zote na kwenye koki zote. Haupati nafuu alfajiri ukarudia jioni. Tatizo linalokuja na kuondoka ndani ya siku moja mara nyingi lina uhusiano na jambo ambalo watu wa nyumbani wanalifanya saa hizo. Ningekuwa hapo kwenu, swali langu la kwanza lingekuwa: kabla maji ya jikoni hayajapoa, nani alitoka kuoga, na aliiachaje shawa?

Maana ukisimamisha maji kwa kile kitufe, koki ya ukutani inabaki wazi, upande wa moto na upande wa baridi. Kwa macho, shawa imefungwa. Lakini ndani ya ile koki ya kuchanganyia, bomba la maji ya moto na bomba la maji baridi yameachwa yakiwa yameunganika. Sasa wewe jikoni unafungua maji ya moto. Maji yana njia mbili za kukufikia. Ya kwanza ni kupitia boila, ambako kuna chujio, kuna kigurudumu, kuna zile bati nyembamba, na kila kimoja kinayapunguzia nguvu. Ya pili ni kutoka kwenye bomba la baridi, kuvuka ndani ya koki ya shawa, kuingia kwenye bomba la moto na kuja moja kwa moja hadi kwenye sinki lako. Njia hii ya pili ni nyepesi zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji inaifuata. Yanayofika kwako ni mchanganyiko wa yaliyopashwa na ambayo hayajawahi kuiona boila. Ndiyo hilo vuguvugu.

Na mengi yakipita huko, yale yanayopita ndani ya boila yanashuka chini ya lita zile 2 au 3. Kigurudumu hakizunguki vya kutosha, boila haiwaki. Ukifunga koki na kuifungua tena kwa nguvu, mwendo unabadilika kidogo, wakati mwingine inawaka. Fundi anapokuja, kama siku hiyo aliyeoga mwisho alifunga koki ya ukutani kama kawaida, kila kitu kinafanya kazi mbele yake na yeye anabaki kukisia. Sidhani kwamba anawadanganya. Alikagua boila peke yake, na hitilafu ninayoishuku iko bafuni.

Jaribio lenyewe ni hili. Nenda bafuni, fungua shawa kama mtu anayeoga, kisha isimamishe kwa kitufe na uiache hivyo, koki ya ukutani ikiwa wazi. Nenda jikoni ufungue maji ya moto, uyaache yatoke dakika mbili hivi, uangalie joto lake. Halafu mtu aende bafuni aifunge koki ya ukutani kabisa, wewe ukiwa bado jikoni na mkono karibu na maji. Angalia usiuweke mkono katikati ya maji, kwa sababu sasa hivi boila yako imewekwa 60. Kama joto linapanda ndani ya muda mfupi baada ya koki kufungwa, umempata mhalifu.

Kama unataka uhakika zaidi, kuna jaribio la pili ambalo mafundi wazuri hulifanya kabla ya kufungua boila yoyote. Zima boila kwenye umeme. Chini yake kuna bomba linaloleta maji baridi ya kupashwa, na kwenye bomba hilo kuna valvu ndogo ya kufungia. Kitabu cha boila kinaonyesha ni lipi. Mara nyingi valvu hiyo ina mfereji wa kuingiza bisibisi: mfereji ukilala sambamba na bomba, iko wazi; ukikatiza bomba, imefungwa. Ifunge. Kama ni ngumu, usiilazimishe, mwachie fundi. Ikishafungwa, hakuna maji yanayoweza kuingia boila ili yatoke ya moto. Fungua koki ya moto jikoni. Maji yaliyobaki kwenye mabomba yatatoka kidogo, hasa kama kuna bafu ghorofani, kisha yanatakiwa yakome. Yakiendelea kumiminika, basi yanatoka upande wa baridi kupitia mahali fulani, na mahali hapo si kwenye boila. Funga koki ya shawa. Yakikoma, jibu unalo. Yasipokoma, kuna koki nyingine ya kuchanganyia inayovujisha ndani kwa ndani, pengine hata hiyo ya jikoni yenyewe kama ni ya mkono mmoja, na itabidi kufunga valvu za kila moja kwa zamu mpaka apatikane mwenye kosa. Ukimaliza, fungua valvu ya boila yote, usiiache nusu.

Dawa yake ni rahisi, na hapa ndipo ninapowasihi wewe na mumeo msiwe na haraka ya kununua kitu kikubwa. Kuanzia leo, kitufe kitumike wakati wa kujipaka sabuni tu. Ukimaliza kuoga, funga koki ya ukutani. Hilo halina gharama. La kudumu ni fundi bomba kuhakikisha kwamba kwenye viingilio viwili vya shawa, cha moto na cha baridi, kuna valvu za kuzuia maji kurudi nyuma, na kwamba zinafunga sawasawa. Koki nyingi zinazodhibiti joto zenyewe hutoka kiwandani zikiwa nazo, lakini punje ya mchanga ikikwama hapo inatosha kuiacha valvu wazi. Kama hazimo kabisa, aziweke. Hata mkiwa nazo, bado nashauri koki ifungwe, kwa sababu kitufe kinaiacha presha yote ya mabomba ikikaa ndani ya mpira wa shawa, na mpira huo haukutengenezwa kubeba mzigo huo mchana kutwa.

Sasa tuje kwenye shawa yenyewe, kwa maana kule kupoa na kurudi makali wakati mtu bado anaoga kunaweza kuwa na sababu ya ziada, na hii uliizidisha kwa nia njema ulipopandisha joto hadi 60.

Fikiri hivi. Shawa za kubana maji zinatoa kidogo; tuseme yako inatoa lita 5 kwa dakika. Mtu anataka kuoga kwa nyuzi 40, na maji baridi yanaingia nyumbani yakiwa nyuzi 15. Boila ikiwa imewekwa 60, koki ya kuchanganyia inahitaji maji ya moto machache tu ili kufika 40: yatapita kama lita 2.8 ndani ya boila, mengine yote ni baridi. Hapo uko mpakani pa kiwango ambacho boila inazimika. Mtu akifungua koki popote ndani ya nyumba, presha inashuka kidogo, mwendo unapungua, boila inazima. Maji yanapoa, koki ya shawa inafungua zaidi upande wa moto kutafuta joto, mwendo unaongezeka, boila inawaka upya, na maji makali yanakuja kwa mkupuo. Kisha mzunguko unaanza tena.

Ishushe boila hadi 48 au 50. Kwa 48, ili kupata nyuzi 40 zilezile, maji yanayopita kwenye boila yanapanda hadi karibu lita 3.8. Umeondoka mpakani, boila inawaka na kubaki imewaka. Najua inaonekana kinyume, kwamba ili upate maji ya moto yaliyotulia upunguze joto, lakini boila ya kombi inahitaji mwendo wa maji kwanza. Joto la chini lina faida nyingine pia: chokaa ya kwenye maji magumu huganda kwa wingi zaidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto, kwa hiyo kwa kushusha unakipunguzia kibadilisha joto kazi ya kukusanya ukoko.

Na kuna mama mkwe wako. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mzee ni nyembamba, halafu hawezi kuruka pembeni kwa wepesi. Kwenye nyuzi 50 ngozi ya kawaida inachukua dakika kadhaa kuungua, na ingawa ya mzee huwahi zaidi, anapata muda mrefu zaidi wa kujitoa. Hata kama mengine yote uliyosoma hapa utayaahirisha, hili la kushusha joto lifanye leo.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni wakati mnapotaka maji mengi kwa mkupuo, kama kujaza beseni kubwa la kuogea. Boila ya kilowati 24 inaweza kuyapandisha maji nyuzi 35 kwa mwendo wa karibu lita 10 kwa dakika, basi. Ukiifungua koki yote zikapita lita 14, kila lita inapata joto pungufu, inapanda nyuzi kama 25 tu. Majira ya baridi, maji ya kwenye bomba yakiwa nyuzi 5, utapata vuguvugu la nyuzi 30 na boila ikiwa nzima kabisa. Watu wengi huita fundi katika hali hiyo, na mafundi wasio na subira huanza kubadilisha vipuri. Punguza koki kidogo, joto linapanda.

Kuna pia kile kipande cha baridi kinachokuja kama sekunde chache pale unapofunga koki na kuifungua muda mfupi baadaye: kwanza maji ya moto yaliyobaki bombani, kisha baridi yaliyopita boila ikiwa inajiwasha, kisha moto tena. Hiyo ni tabia ya boila zisizo na tangi. Kila mkibonyeza kile kitufe kwa ajili ya sabuni mnakitengeneza, kwa hiyo subirini kipite kabla ya kurudi chini ya maji, hasa kwa bibi.

Kuhusu jirani na presha: mshukuru, lakini usiongeze kitu. Geji ile haipimi maji ya koki. Inapima maji yaliyofungiwa kwenye mzunguko wa radieta, na 1.3 ni nzuri. Boila ikiwa baridi, kati ya 1 na 1.5 ndipo panapotakiwa. Ukiongeza ovyo, maji yakipata moto yanapanuka, sindano inapanda, na ikifika 3 valvu ya usalama inamwaga nje. Halafu baadaye utaona presha imeshuka, utaongeza tena, na kila ukiongeza unaingiza maji mapya yenye hewa yanayotia kutu radieta kwa ndani. Kama siku moja utaona sindano inapanda yenyewe bila wewe kujaza na bila radieta kuwaka, hilo ni jambo zito kidogo: huenda valvu ya kujazia haifungi, au kibadilisha joto kimetoboka na maji ya bomba yanapenya kuingia kwenye mzunguko. Hapo ita fundi.

Tuseme sasa umefanya majaribio yote mawili, shawa haina kosa, na joto umelishusha bila mabadiliko. Hapo ndipo nami nitakubali kuitazama boila, lakini kwa kufuata dalili.

Simama mbele ya boila, mtu mwingine afungue koki ya moto. Kama boila haioneshi chochote, haijaribu hata kuwaka, kigurudumu cha mwendo ndicho cha kuangaliwa kwanza, pamoja na chujio dogo kwenye kiingilio cha maji baridi. Kwenu nalishuku chujio hilo zaidi ya kawaida. Wakati wa ukarabati wa bafu bila shaka maji ya nyumba nzima yalifungwa na kufunguliwa, na maji yanaporudi kwa kishindo hubandua kutu na mchanga uliolala kwenye mabomba, vikaenda kukaa hapo. Kulisafisha ni kazi ndogo kwa fundi.

Kama boila inawaka vizuri lakini maji ya koki hayapati joto, zima radieta kwenye kidhibiti, acha maji ya moto yatoke dakika tano hivi, kisha kashike bomba la radieta iliyo karibu na boila. Likiwa linapata moto wakati hukuomba radieta, ile valvu ya njia tatu imekwama katikati na joto lako linapotelea ukutani.

Na ukoko wa chokaa alioutaja fundi nao una alama zake. Namba ya joto kwenye kioo cha boila inapanda haraka sana, moto unajizima, unangoja, unawaka tena, huku maji kwenye koki ni vuguvugu muda wote. Mara nyingi pia maji ya moto yanatoka kwa unyonge ukilinganisha na ya baridi kwenye koki hiyohiyo. Ukiziona alama hizo kila siku na kila saa, fundi yuko sahihi. Ila mwombe akiondoa kibadilisha joto akuonyeshe uchafu uko upande gani. Ukoko mweupe upande wa maji ya koki ni chokaa. Tope jeusi upande wa pili ni kutu ya radieta, na hapo kuweka kipya bila kusafisha mzunguko mzima na kuweka chujio la sumaku ni kukipeleka kikazibe kama cha kwanza.

Ukimwita tena, mwambie mlichokiona kwa mpangilio: koki gani, saa gani, shawa iliachwaje, namba gani ilionekana kwenye kioo. Mwambie pia kwamba bafu lilikarabatiwa, maana naona hilo hakuambiwa. Kabla hajabadilisha kipuri chochote, muulize amekipima vipi. Kitambuzi cha joto, kwa mfano, hupimwa kwa mita kwa dakika chache; hakuna sababu ya kukibadilisha kwa kubahatisha. Fundi anayejua kazi yake hachukizwi na swali hilo.

Mipaka yako wewe ni hii: kubadilisha joto kwenye kidhibiti, kusoma geji, kufungua na kufunga valvu za maji. Boila ikijifunga na kuonyesha alama ya hitilafu, iandike, uiriseti mara moja. Ikijifunga tena, usiendelee kubonyeza. Imekataa kuwaka kwa sababu. Mfuniko wake usiufungue, kwa sababu kwenye boila nyingi ndio unaozuia moshi usiingie ndani, na upande wa gesi ni wa mwenye leseni ya gesi peke yake. Muwe na king'ora cha kaboni monoksidi kwenye chumba hicho. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na dalili zake, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu kinachopungua ukitoka nje, watu hudhani ni mafua. Mkinusa gesi, msiguse swichi yoyote: fungeni gesi kwenye mita kama inafikika, fungueni madirisha, tokeni, na mpige simu ya dharura mkiwa nje.

Mumeo mwambie sijakataa boila mpya moja kwa moja. Ikitoboka kwenye kibadilisha joto kikuu, kile kinachopashwa na moto wa gesi wenyewe, au vipuri vyake vikiwa havipatikani tena, mtanunua na mtakuwa na sababu. Lakini mkiifunga mpya leo huku bomba la moto na la baridi yakiwa bado yanakutana kwenye shawa, boila mpya itawapa vuguvugu lilelile jioni ya kwanza. Fanyeni lile jaribio la jikoni kwanza, wewe ukiwa kwenye sinki na yeye bafuni kwenye koki, aone kwa macho yake.